Mvua Ikianza Utakuwa Wapi

Newala, Jumapili jioni, mwezi wa kumi na moja. Upepo, mawingu mepesi, mvua bado.

Nimevaa koti. Naliandika hili kwanza kwa sababu Masasi hakuna atakayeniamini. Mwezi huu, ambapo kwetu watu wanatoa mikeka nje na mbwa wanachimba mchanga kutafuta ubaridi, mimi nimekaa kwenye baraza ya watu, nimefunga vifungo vyote vya koti la marehemu baba, na bado vidole havitaki kushika kalamu sawasawa.

Nina furaha mpaka naona haya.

Nimekuja huku kuonwa. Hilda nilimfahamu Masasi alipokuwa anasomea ualimu. Alileta gauni lake la sare nilipunguze kiuno, akalirudisha, akalirudisha tena, akidai bado halijakaa. Mimi ni fundi cherehani, najua gauni lililokaa na lisilokaa. Nilichelewa tu kuelewa kwamba gauni halikuwa na tatizo lolote. Sasa anafundisha watoto wadogo hapa Newala, nyumbani kwao, na alinieleza wazi kwamba kwao mwenye neno la mwisho ni mjomba, na mjomba wake hampimi mtu kwa sifa za kusikia. Lazima amwone. Basi jana nikapanda lori.

Safari yenyewe ilikuwa vumbi tupu. Penye mlima tuliteremshwa wote, hata kina mama wenye watoto mgongoni, tukasukuma huku utingo akifuata nyuma na gogo la kuzuia gurudumu. Injini ilichemka, ikanyweshwa maji ya debe ambalo dereva alikuwa akililinda kuliko abiria. Nikajisemea, kama huu ndio mwanzo wa uchumba wangu, nimeingia pabaya.

Halafu tukafika juu, na hewa ikabadilika.

Sijui niielezeje. Shati lililokuwa limenigandia mgongoni toka Masasi likaanza kupepea. Harufu ya mabibo ilikuwa kila mahali, watu wameinama chini ya mikorosho wanaokota. Tulipofika mjini nikashuka na kwenda moja kwa moja mpaka kwenye ukingo, karibu na boma ambako bendera ya Mwingereza ilikuwa inapigwapigwa na upepo. Mbele yangu nchi ikaisha. Chini kabisa kuna bonde, ndani ya bonde Ruvuma ni uzi mwembamba, na ng'ambo yake ni kwa Mreno, milima juu ya milima mpaka macho yakachoka. Mimi nimezaliwa chini ya majabali ya Masasi, nimezoea kuinua shingo. Kuitazama nchi kwa kuinamisha macho ni jambo ambalo sikujua kama linanipendeza hivi.

Nilisahau begi langu katikati ya barabara. Mama mmoja mwenye mzigo wa kuni akanipitia na kusema, "Mgeni, bonde hilo halihami. Ondoa begi lako, lori linarudi nyuma."

Sasa kuhusu maji. Masasi nzima ilinionya kuhusu maji. Huku juu hakuna kisima wala kijito. Maji yako chini ya mteremko, na kina mama wanayafuata kwa miguu na kuyapandisha kichwani. Mwisho wa kiangazi kama sasa, hata chini yanatoka kwa kudondoka. Mama yangu aliniambia, "Oswald, usiende ukaoga kama bata. Watakufukuza kabla hujala." Nikamwahidi. Na kweli nilipofika nikatengewa bakuli la maji nyuma ya nyumba, nikaoga kwa nusu yake, nikabakiza nusu, nikatoka safi kiasi cha kuridhisha. Mama Hilda akalitazama bakuli, akanitazama mimi, akasema, "Umelelewa."

Neno moja tu, lakini nilivimba kichwa. Nilijiona nimeshapasi mtihani na kilichobaki ni kula.

Mjomba wake, ambaye mtaa mzima unamwita Baba Edmundi, ni mtu mfupi, mpole, mchache wa maneno. Nilimwamkia shikamoo, akaitikia marahaba, kisha akaendelea kumenya ming'oko iliyochemshwa na kunisogezea sahani mpaka ile mizizi ikaisha. Sijawahi kuila kwa wingi namna hiyo. Mara mojamoja alisema jambo na dada yake kwa Chimakonde, nami nikadaka neno hapa na pale, maana kwetu tunasema Chiyao. Tulikaa barazani, upepo unapita, mimi nikiwa mtu mwenye furaha kuliko wote Tanganyika.

Ndipo akaniuliza, kwa upole uleule, "Mvua ikianza, utakuwa wapi?"

Nikafurahi kuulizwa. Nilidhani mzee anataka mazungumzo. Nikamwambia mvua ikianza nitakuwa Masasi kwenye cherehani, maana hayo ndiyo mavuno yangu. Nikamweleza habari za Krismasi, jinsi kila mtu anavyotaka suruali mpya siku moja. Nikamweleza kanzu za kwaya, na kitambaa cheupe kinavyochafuka upesi wakati wa matope. Nikafika mpaka kwenye aina za vifungo. Nilisema, nikasema. Mama Hilda akainuka kuingiza vyombo ndani. Hilda alikuwa ameketi kwenye kizingiti, akainama akawa anatazama miguu yake.

Mjomba akasema, "Kazi njema hiyo." Kisha akaanza habari za bei ya korosho.

Nikaenda kulala nikiwa nimeridhika na nafsi yangu. Ee, mimi huyu.

Leo asubuhi niliamka ukungu umeziba kila kitu, hata mkorosho wa mbele ya mlango hauonekani. Nilitoka nje na koti langu nikaupumua ule ukungu kama mtu aliyepewa bure kitu cha kununua. Nikaambiwa Hilda ameteremka kufuata maji na mama yake mdogo tangu kabla ya jogoo. Nikaenda kuwangojea juu, pale njia inapotokeza kutoka bondeni.

Niliwasikia kabla sijawaona. Hawakuwa wanaongea. Ilikuwa pumzi tu, na mawe madogo yanaporomoka chini ya nyayo. Kisha wakatokeza mmojammoja kutoka ndani ya ukungu, kina mama na mabinti, madebe kichwani, majani mabichi yakielea juu ya maji yasirukeruke. Mwalimu Hilda, ambaye jana alinipokea kwa gauni la maua na viatu, alikuwa pekupeku, khanga imefungwa kifuani, jasho linamtiririka kwenye baridi ile. Nikamwomba nimpokee debe. Akakataa.

"Ukimwaga tutapikia nini?"

Nikatembea pembeni yake nikiwa mikono mitupu, najisikia mzembe. Mama yake mdogo akatangulia mbele, nadhani kwa makusudi. Hilda hakugeuza kichwa, maana hawezi kugeuza kichwa na debe, akasema huku akitazama mbele, "Jana mjomba alikuuliza neno zito, wewe ukamjibu habari za vifungo."

Akanieleza. Kwao hakuna mtu atakayekuambia tumekukubali au tumekukataa. Kijana akipendeza, mjomba humwuliza mvua ikianza atakuwa wapi, kwa sababu mvua ya kwanza ndiyo wakati mkwe mpya anapopewa sehemu ya shamba la mama mkwe ailime, waone kama ni mtu wa kukaa au mtu wa kupita. Akisema nitakuwa hapa, maneno yamekwisha. Dada mkubwa wa Hilda aliolewa na mtu aliyejibu vizuri sana na hakuonekana shambani hata siku moja, akamhamishia mke wake Lindi, na tangu hapo mama yao anaamka alfajiri na binti mmoja badala ya wawili.

Sisi tuliokulia misheni tunajua kengele na darasa. Baba yangu alikuwa mwalimu, mama ndiye aliyehamia kwa kina baba, mambo ya kulimia ukweni niliyasikia kwa mbali kama habari za watu wengine. Nikamwuliza kwa nini hakunidokeza mapema.

"Ningekupa jibu," akasema, "ungekuwa umejibu wewe?"

Nilimtazama tu shingo yake ilivyokaza chini ya debe.

Kanisani padri aliomba mvua, na sijawahi kusikia watu wakiitikia amina namna ile. Kwetu amina ya mvua ni ya adabu. Hapa ilitoka tumboni. Mimi akili yangu haikuwa kwenye mvua. Nilikuwa najiuliza swali moja kutoka wimbo wa kwanza mpaka baraka: je, nataka kweli kuishi huku, au nimependa tu ubaridi na bonde kama mtu anayekuja kutembea? Mgeni wa siku mbili kila kitu ni kitamu kwake. Nitakapokuwa hapa mwaka mzima, nikaoga kwa bakuli na kushona suruali za watu nisiowajua, nitaimba wimbo huuhuu?

Nilichogundua ni kwamba kila nilipojaribu kujiona nimerudi Masasi bila Hilda, nilishindwa kuimaliza picha.

Nikamtafuta mjomba. Nilimkuta shambani nyuma ya nyumba, amevaa bado koti lake la kanisani, anatembea juu ya majivu. Wameshafyeka na kuchoma, ardhi nyeusi inangojea. Nikasema, "Mjomba, jana nilijibu kabla sijaelewa nimeulizwa nini."

"Ulijibu kweli," akasema. "Wengine hunijibu vizuri."

"Naomba uniulize tena."

Akanigeukia. Macho yake si ya ukali, na hilo ndilo lilinitisha zaidi.

"Swali lile siliulizi mara mbili, mwanangu."

Nilidhani imekwisha. Nakiri hapa, nilihisi machozi, mtu mzima mwenye cherehani yake. Nilikuwa natafuta maneno ya kumuaga mjomba kwa heshima nirudi nikafunge begi langu. Lakini yeye akaokota mti mkavu, akauburuta kwenye majivu akitembea polepole, mstari mrefu mpaka kwenye mkorosho wa mwisho, kisha akarudi akichora mwingine. Akautupa ule mti.

"Hapa katikati ni pa dada yangu," akasema. "Jembe liko nyuma ya mlango. Mvua ya kwanza ikinyesha likishikwa na mtu, nitaona. Lisiposhikwa, nitaona pia."

Akaenda zake kula.

Nilibaki pale natazama ile mistari. Si padogo. Mimi jembe nililishika mwisho kwenye bustani ya shule, na hata kule nilikuwa napenda zaidi kunoa kuliko kulima. Nikainama nikashika majivu kwa mkono, sijui kwa nini, nikarudi nyumbani na mkono mweusi. Mama Hilda akauona. Akanipa chakula, na safari hii kwenye sahani yangu kulikuwa na kichwa cha samaki, sehemu anayowekewa mtu wa nyumbani.

Hilda alipopita kuchukua vyombo akasema kwa sauti ya chini, "Una mikono laini sana, fundi." Akacheka. Nimeubeba mchana kutwa ule mcheko.

Sasa jioni imeingia, kandili limewashwa, upepo unatoka bondeni na mimi sitaki kuingia ndani. Kesho alfajiri lori linateremka nami. Nyumbani kuna lundo la vitambaa vilivyokatwa na havijashonwa, na watu ambao nimewaahidi kwa kinywa changu kwamba watavaa Krismasi. Nikipanda huku mvua ya kwanza inaponyesha, wapo watakaokwenda kanisani na suruali ya mwaka jana na jina langu mdomoni. Na mama. Mama alikuwa ameshaanza kumfagilia Hilda chumba. Nitamwambiaje kwamba anayehama ni mimi?

Dereva amesema habari ya mvua ya huku huifikisha Masasi siku hiyohiyo. Lori lisipopanda kwa matope nitapanda kwa miguu. Shauri hilo nimeshalikata.

Lakini naandika ukweli, kwa kuwa hapa hakuna anayenisikia. Wakati tunasali kabla ya chakula cha jioni, wote wameinamisha vichwa wanaomba mvua kama walivyoomba asubuhi, mimi niliomba kimoyomoyo ichelewe. Wiki mbili tu, Bwana, nimalize suruali za watu. Niliomba kwa bidii kabisa. Nikasema amina pamoja nao.

Kisha nikasikia Hilda na mama yake wanapatana ndani nani atakayebeba debe kubwa kesho.

Nimeifuta ile sala. Ee Mungu, inyeshe. Inyeshe hata usiku huu, hata kabla lori halijaondoka, na suruali zitajijua zenyewe.