Watu Wangu wa Dirishani

Makambako, nyuma ya soko,
msimu wa baridi.

Mama yangu mpendwa,

Shikamoo. Naomba barua hii ikukute umekaa barazani juani, goti limetulia, na kuku wako hawajamalizwa na kideri. Mimi ni mzima sasa. Hilo neno "sasa" nimeliandika kwa makusudi, na habari yake utaipata mbele. Shabani, mdogo wangu, najua wewe ndiye unayemsomea mama. Soma yote. Usimfupishie kama ulivyofanya mara ile.

Mama, barua yako imefika. Umeniuliza swali moja: "Je, huko una watu?" Ukasema kama sina, nifunge mzigo nirudi Kondoa kabla ya Idi nisitoke tena, maana mtu asiye na watu akianguka hana wa kumwinua. Nimekaa na swali hilo siku kadhaa, kwa sababu jibu lake linaniaibisha kidogo. Leo nalijibu.

Makambako ni mji wa kupita. Treni inapita, malori ya Zambia yanapita, wasafiri wa Songea wanashuka, wanakula wali, wanapanda gari jingine. Tangu ilipokuja hii ruksa ya kuuza mitumba, kila mwenye miguu miwili ana meza sokoni, na karibu wote tumetoka mbali. Ukimzoea jirani wa meza, kesho kutwa unasikia kahamia Tunduma. Jioni nafunga meza, nakula kwa mama ntilie, naswali, narudi chumbani, na hakuna wa kuniuliza nilichelewa wapi. Nyumbani hata ukitaka kulia lazima utafute nafasi. Huku nafasi imejaa tele, Mama, mpaka inatisha.

Sasa usicheke. Watu niliokuwa nao huku wana urefu wa kidole.

Unajua biashara yangu ni nguo za watoto. Belo linakuja limefungwa kwa mikanda, hujui kilichomo mpaka ulikate, na ndani hukosi makorokoro: soksi moja moja, vifungo, midoli iliyokatika shingo. Siku moja, mwaka jana, alidondoka mtu wa plastiki wa rangi ya kahawia. Amechuchumaa, kiunoni ana kipande cha ngozi ya mnyama, paji la uso limetokeza kama kibaraza, na kila mkono ana jiwe. Wenzangu wakasema ni nyani. Mimi nikamtambua. Ni yule binadamu wa kale tuliyefundishwa darasa la tano, anayegonga jiwe kwa jiwe apate zana. Nikakumbuka na wale watu wekundu waliochorwa kwenye majabali ya Kolo, tuliokuwa tukiwatazama mimi na Shabani tukichunga mbuzi, nawe ukatukataza kuwanyooshea kidole. Nikamtia mfukoni. Jioni nikamweka dirishani, na chumba kikawa na mtu wa pili.

Baada ya hapo nikawa nawatafuta. Kila belo likifunguliwa, wenzangu wanagombea majaketi, mimi napekua makorokoro. Nikampata anayebeba mwenge, nikampata aliyejitwika swala mabegani, nikampata mwanamke anayekwangua ngozi. Halafu akaja mchuchumaaji mwingine, na huyu ni wa kijivu. Ni mtu yule yule, Mama, lakini siye. Wa kahawia ana mawe mawili. Wa kijivu mkono wa kushoto ni mtupu, vidole amevikunja hewani, na anagonga vile vile kama hajui kwamba jiwe halipo. Nilimtazama usiku ule nikamwonea huruma kuliko ninavyowahurumia watu wenye damu.

Kuna sista mmoja mzee wa Kizungu, wa misheni za upande wa Ludewa, hupitia mezani kwangu kununua nguo za watoto. Nilimwonyesha. Akawashika mmoja mmoja, akasema walikuwa midoli ya utoto wake, kaka zake waliwakusanya. Akaniambia wa kahawia ndio wa kwanza, na wa kijivu walikuja baadaye, ile kalibu ya kumiminia plastiki ilipokuwa imechakaa. Akaniuliza, "Mama na mtoto unaye?" Nilikuwa naye, wa kijivu: mwanamke amesimama, kiunoni amepakata kitu kisicho na uso, donge tu. Sista akatikisa kichwa. "Wa kwanza mtoto ana uso. Anamtazama mama yake, mdomo wazi." Tangu siku hiyo sikutaka kingine duniani. Vijana wenzangu wanataka redio.

Najua unavyosema sasa hivi, Mama. Unasema nyumba yenye sanamu malaika hawaingii. Nalijua hilo, ndiyo maana wakati wa swala nawatia wote kwenye kopo la maziwa na kufunika. Nikimaliza nawatoa, nawafuta vumbi, nawapanga tena. Shehe wa hapa hajui, nawe usimpelekee habari hizi.

Sasa nije kwenye ugonjwa. Nilikwenda Njombe kufungua belo gulioni, siku ya ukungu na manyunyu, baridi ya kukata masikio. Kazi ilipopamba moto nikavua koti langu nikaliweka kando. Chini kabisa ya rundo nikashika kikoti cha mtoto, na ndani ya bitana, pale ilipotoboka, nikagusa kitu kigumu. Nikakichokonoa kwa kidole. Alikuwa yeye, wa kahawia. Mtoto ana uso, ana pua, ameinua kichwa na mdomo wazi, na mama ameinamisha shingo kumsikiliza. Nilisimama nikiwa nimeduwaa katikati ya wateja. Mtu akaniuliza, "Hili bei gani?" nikamtajia bei bila kugeuka, nikapokea hela. Nilipozinduka, koti langu halipo. Nimeliuza mwenyewe, kwa mkono wangu, muuza nguo mimi. Na belo zima ni la watoto, hakuna hata sweta la kunipita kichwani.

Nikarudi Makambako juu ya lori la viazi, nimekumbatia magunia. Ndiyo maana nasema usicheke, lakini ukicheka hapo nakuruhusu.

Usiku homa ikanikamata, na kifua kikabana. Asubuhi sikuweza kuinuka. Nililala nikisikiliza soko linafunguliwa upande wa pili wa ukuta, nikajua kabisa kwamba meza yangu ikibaki tupu watu watadhani nami nimehamia Tunduma. Hapo, Mama, ndipo nilipoogopa. Sikuogopa kufa sana. Niliogopa kwamba hakuna mtu mji mzima anayejua nyumbani kwetu ni wapi, na kwamba wewe ungekaa hapo barazani miaka ukisubiri barua ya mtu aliyekwisha kuzikwa na serikali. Nililia, nakwambia kweli. Yule mama wa kahawia nilikuwa naye mkononi.

Mwenye nyumba wangu ni mama wa Kibena, mjane. Anaitwa Mama Yuditha, kwa jina la binti yake aliyeolewa Iringa. Ni mtu wa kanisani, haongei sana, na tangu nihamie tulikuwa hatujavuka "kamwene", ambayo ndiyo salamu yao. Ninachokumbuka ni mlango kusukumwa, kitambaa cha maji kwenye paji la uso, uji, na mganga wa zahanati akinichoma sindano. Mengine yalipita kama kwenye ukungu.

Homa iliposhuka nikageuza kichwa dirishani. Watu wangu wote wamesimama pale, na mbele ya kila mmoja kuna kizibo cha soda. Nikajikokota nikachungulia. Kila kizibo kina togwa. Hata yule mchuchumaaji wa mkono mtupu alikuwa na chake.

Mama Yuditha alipoingia na uji nikamwuliza, "Mama, hii ni nini?"

"Nimewakaribisha wazee wako," akasema.

"Wazee gani?"

"Si hao, baba. Nakuona kila asubuhi unawafuta vumbi. Nikasema, huyu kijana mpole, amekuja na watu wake." Akaweka uji chini. "Ninyi Waislamu hamnywi pombe, najua. Ulanzi ninao, ila nikaona nisiwakosee. Nikachukua togwa."

Nilitaka kumwambia kwamba ni midoli ya watoto wa Ulaya. Nilitaka kumwambia kwamba sisi hatutambiki, sisi tunasoma dua. Nikamwuliza tu alisema nini alipowamiminia.

Akaona haya, akatazama mlangoni. "Mchungaji asisikie. Nilisema: jamani, mimi ni mwenye nyumba tu, majina yenu siyajui. Mtoto wenu anaumwa, na mimi sijui pa kupeleka habari. Kama ninyi mnajua njia, mwambieni mama yake."

Nikageukia ukutani.

Haya, Shabani, hapa soma polepole. Siku ya tatu nikiwa nje, nimejifunika blanketi la Mama Yuditha, naota jua, akaja kijana wa lori na barua. Nikafungua. "Je, huko una watu?" Mama Yuditha alikuwa anapepeta maharage. Akaniuliza inatoka wapi. Nikasema inatoka kwa mama yangu. Akaacha ungo, akatazama lile dirisha langu, akasema, "Basi wamefika."

Najua, Mama. Uliiandika kabla sijaugua hata kidogo, ililala Dodoma, ililala Iringa. Ningeweza kumweleza hayo yote. Sikumweleza. Mimi mwenyewe sikutaka kuyasikia.

Kwa hiyo jibu lako ni hili. Nina mtu mmoja. Kama mmoja anatosha kuitwa watu sijui, hiyo ni hesabu yako, si yangu. Upweke haujaisha, jioni ni zile zile, na nafasi ni ile ile. Idi nitakuja, inshallah, na ukinitazama usoni ukaniambia nisirudi huku, sitarudi. Ila naomba unitazame kwanza.

Lile jina la kijiji chetu, na la kwako, na la dukani barua zinakopokelewa, nimemwandikia Mama Yuditha kwenye karatasi, ameibandika ukutani juu ya kitanda chake. Ni mtu wa kwanza huku kuyajua. Ikija siku barua yenye mwandiko usioujua, usiiweke kando. Ifungue upesi.

Ndani ya kifurushi hiki, kwenye soksi, yumo mama wa kahawia na mtoto wake mwenye uso. Usimwogope, na usimwonyeshe shehe. Mimi nimebaki na wa kijivu. Mtoto wake hana uso, lakini sasa najua anatazama wapi.

Nisalimie Baba Mdogo, mwambie dawa ya kifua aliyonipa nilikuwa nimeiacha huko huko. Msalimie dada yangu Mwajuma na wanawe, na Bibi mzaa baba, umwambie kwa sauti maana hasikii. Shabani, nawe salamu zako ni kwamba baiskeli yangu uipake grisi.

Nilikuwa nafunga hapa. Mama Yuditha amesimama mlangoni, anauliza namwandikia nani. Nimemwambia. Kwake yeye, wazee walikuita nawe ukafika. Anasema nikuandikie kwa maneno yake mwenyewe, nisiongeze wala nisipunguze: asante kwa kuja.

Mwanao,
Issa