Linh Alifuata Kiswahili

Jumatatu, 7 Julai
Hili sijamwambia mtu: namkimbia mgeni wetu. Leo nimefua mashuka masafi, mradi nisikae naye sebuleni.
Linh katoka Vietnam. Chuo siku hizi kinaleta wanafunzi wa nje na kuwapanga kwenye nyumba za watu wajifunze Kiswahili. Sisi wa Kibamba tumepewa yeye. Baba ni mwalimu. Katangaza kwamba mgeni akiwepo ni Kiingereza tu, ndiyo heshima. Kiingereza changu kinatosha kwenye mtihani, mdomoni hakitoki. Basi nanyamaza.

Alhamisi, 10 Julai
Linh kamwamkia mama. Mama kajibu Kiingereza. Kamsalimia muuza genge, naye Kiingereza, tena kwa mbwembwe. Halafu kaniamkia mimi, shikamoo kabisa. Nimecheka hadi aibu ikanitoka.
"Mie mdogo wako, dada," nikamwambia. "Mie niambie mambo."
"Mambo."
"Poa."
Tumechambua mchicha wote. Kwa Kiswahili.

Jumatano, 16 Julai
Nina furaha. Inanitisha. Ni jikoni tu lakini, baba akiingia tunakatisha. Leo kaniuliza kwa nini tunampa pole mtu aliyejikwaa wakati hatukumsukuma sisi. Sijawahi kuulizwa vitu hivi.

Ijumaa, 18 Julai
Mwalimu wa Linh kapiga simu. Anasema Kiswahili cha Linh hakisogei. Keshokutwa anahamia hosteli, Mbezi Luis, akakae na wanaozungumza Kiswahili. Baba kasikitika sana, kwa Kiingereza.
Mezani nikasema. Sijui nguvu nilitoa wapi.
"Baba, samahani. Dada Linh kafuata Kiswahili. Sisi tunamnyima."
Mama akasema kumbe bubu wetu anaongea. Hakuna aliyecheka. Baba akaweka kijiko. Akamgeukia Linh, akamuuliza taratibu, kwa Kiswahili, kama ameshiba.
"Bado," Linh akasema.
Baba akamwongezea wali kwa mkono wake.

Jumapili, 20 Julai
Kaondoka. Chuo hakikubadili neno. Baba kambebea begi hadi barabarani, anamtajia kila kitu njiani, hadi mitaro.
Nyumba kimya. Nimelala kwenye kitanda alichokuwa analalia. Inauma.
Na kuna jingine. Nataka na mie chuo kinipeleke mbali. Nikae jikoni kwa watu nisiowajua, nikose neno, nisubiri mtu wa kunipa.
Baba kanipangia chuo cha hapa hapa. Nitamwambia mwenyewe, nikiweza. Kwa hiyo wewe uliyeokota daftari hili, lifunge tu. Usimwambie.