Ufunguo Mmoja, Kufuli Zote

Mjukuu wangu Zuhura,

Sie huku Tandale wazima, bibi yako anakusalimu. Umeniuliza mfanyeje, wezi wameiba siri za wateja wenu na bosi anataka mnyamaze.

Vitu vya nje vilipoanza kuingia, mie niliuza kufuli sokoni, na hakuna aliyenishinda. Siku moja akakamatwa mwizi. Ufunguo wake mmoja ulifungua kufuli zangu zote. Rafiki yangu akaninong'oneza, "Nyamaza, biashara itakufa." Nikagoma. Nilipita kila kibanda na ule ufunguo wa mwizi mkononi, nikiwaambia mwenyewe kilichotokea, nikiwabadilishia kwa kufuli za aina nyingine.

Mama muuza mchele akafoka, "Mwanaume mzima unatuuzia mlango wazi!" Nikamtolea kufuli mpya. Akanyoosha mkono: "Haya, lete. Ila kwanza nionyeshe, ufunguo wa mwizi hauifungui hii?"

Tangu hapo kila mteja akadai aonyeshwe kwanza. Iliniuma, mie hodari wa soko, lakini nilionyesha.

Babu yako,
Salum