Baba Kasian, Sifa Ulizozipeleka Uyole

Mwaka umetimia, Baba, tangu ulipotutoka asubuhi ile ya baridi ya Julai, chai yako ikiwa bado mezani na koti lako la sufu likiwa limetundikwa kwenye kiti. Hatujazoea. Bado tunakuwekea kikombe, halafu tunakirudisha kabatini bila kuangaliana.

Kwa wasiokufahamu: wewe ni Kasian Mwalongo, Mbena uliyekulia Iringa, ukapelekwa kusoma Havana ukiwa kijana, ukarudi miaka mingi baadaye na goti bovu na kazi ambayo hakuna ndugu aliyeweza kumweleza jirani. Mcheza baleti! Babu aliwajibu waulizaji kwamba mwanawe amesomea mambo ya miguu, na watu wakakuletea wazee wenye gauti. Uliwapokea wote, ukawanyoosha na kuwakanda, na wengine wakapona, jambo ambalo mpaka leo hatulielewi.

Kwenye ukumbi wa parokia pale Kihesa ulifunga bomba la maji ukutani liwe fito ya kushikia, watoto wakawa wanalishika huku wakikunja magoti, wakinyooka, wakikunja tena. Anania, mpiga kinanda wa kwaya, ndiye aliyekupigia muziki. Kwa kuwa alizijua nyimbo za kanisani tu, watoto wako walijifunza kuruka kwa nyimbo za Pasaka na kutuliza pumzi kwa nyimbo za Kwaresima. Padre alisema maadamu hawakanyagi altare, yeye hana neno.

Ulikuwa mkali, tusifichane. Mwanafunzi hakupata sifa kinywani mwako hata siku moja. Alipata "bega", alipata "kidevu", alipata "tena". Sifa zake ulizipeleka kwa wazazi. Jumamosi jioni ulivaa suti ukaenda kwao mtoto kama mtu anayepeleka posa. Ulipiga hodi, ukasalimia "Kamwene", ukakaribishwa sebuleni, na mtoto akaambiwa aende jikoni. Hapo ndipo ulipofunguka. Mzee Himmat wa duka la vifaa vya ujenzi anasimulia hadi leo ulivyosimama juu ya zulia lake ukamwonyesha jinsi mkono wa binti yake Hansa unavyoshuka, mpaka akasahau kwamba chini dukani kuna wateja.

"Mtoto ukimsifu usoni anaacha kusikiliza," ulikuwa ukisema. "Mpe mzazi. Mzazi atampa kwa kipimo."

Na wazazi waliwapa, wakati wa chakula, kidogo kidogo. Jumatatu watoto walirudi ukumbini shingo zimenyooka.

Esta, binti yako wa kwanza, alianza kulishika bomba lile kwa kunyanyua visigino, maana hakulifikia. Mama alikuwa ameshatangulia mbele za haki. Kila Jumamosi Esta alikupigia pasi shati, akakuangalia ukitoka kwenda kwenye nyumba za wenzake. Nyumbani kwetu hapakuwa na mtu wa kubishiwa hodi. Aliosha vyombo, akangoja, akalala. Naye alipata "bega", "kidevu" na "tena", kuliko wenzake wote, na hakuna aliyemwambia chochote juu yake wakati wa chakula.

Alipomaliza shule, kikundi kimoja cha dansi cha Dar es Salaam kikamwita. Alikuja kukuuliza kama aende. Ulifikiri sana, tunakumbuka, halafu ukasema, "Goti la kushoto bado linachelewa."

Basi, hukuongeza neno. Wewe ulikuwa umetoa sahihisho kama kawaida yako, yeye akasikia hukumu. Alikunja nguo zake za mazoezi, akaenda Mafinga kufanya kazi kwenye kiwanda cha mbao, na tangu hapo nyumbani akawa mgeni wa Krismasi. Ulimkumbuka sana, lakini kumwambia ilikuwa kazi nyingine.

Wewe ulikuwa na safari zako za Mbeya. Ulikwenda Uyole kwa shemeji yako Lusekelo, kaka yake mama, mfanyabiashara wa viazi, na ulituaga kwamba unafuata mbegu za viazi. Ulirudi na ndoo moja. Tulikutania kwamba kwa nauli ile ungenunua gunia zima hapa hapa Kihesa, nawe ukacheka, ukaenda kulala.

Siku ya kuanua matanga, Mzee Himmat aliuliza swali lililokuwa moyoni mwa wazazi wote. "Sasa hawa watoto nani atawachukua? Hansa kila siku ananiuliza."

Macho yakamgeukia Esta. Akatikisa kichwa. "Msiniangalie mimi. Baba mwenyewe hakuniona nafaa. Angeniona, angesema."

Mjomba Lusekelo alikuwa na mfupa mkononi. Akauweka chini. "Nani hafai? We mtoto unachekesha kweli. Kila akija kwangu ni Esta, Esta! Wateja wananisubiri na viazi vyao, mimi naambiwa habari za kisigino!"

"Kisigino cha nani?" Esta akauliza.

"Chako! Si alikuwa anasema, 'Shemeji, mimi nimecheza na watu wakubwa huko, lakini huyu akiruka nasahau kuhesabu. Anatua kama hajatua.' Na lile goti nalo, eti likikaa sawa, hakuna wa kumgusa."

"Alisema lini hayo, mjomba?"

"Lini tena? Tangu uko mdogo mpaka juzi juzi. Mimi nikajua na wewe anakwambia huko nyumbani. Mimi si nilikuwa naletewa taarifa tu, kwa vile dada hayupo?"

Esta akasema taratibu, "Na mimi nilikuwa nangoja mzazi aniambie."

Shangazi Faustina, dada yako, akajaribu kukutetea, maana hajawahi kukuacha uanguke. Akasema mtu akimsifu mwanawe mwenyewe, ndani ya nyumba yake mwenyewe, watu wataona anajisifu. "Kizuri chajiuza, mama."

"Kilijiuza wapi, shangazi?" Esta akasema. "Kilikuwa Mafinga kinapima mbao."

Alitoka nje akalia kwa hasira, akarudi Mafinga kesho yake bila kuaga vizuri. Nasi tulikukasirikia, Baba. Acha tuseme ukweli, hata kwenye kumbukumbu yako. Ulisafiri milima yote ile kumpelekea sifa mtu wa viazi, na mwenye sifa alikuwa chumba cha pili.

Wiki kadhaa zikapita. Ijumaa moja Esta akarudi, akachukua ufunguo wa ukumbi. Anania alikuwa ndani akifuta vumbi kwenye kinanda, ndiye aliyetusimulia. Anasema Esta alivua viatu, akalishika bomba muda mrefu, halafu akaenda katikati ya ukumbi akaruka, na umri ule, na goti lake lile. Anania alikuwa amempa mgongo. Anasema hakusikia kishindo.

Jumatatu iliyofuata watoto waliitwa. Esta ni mkali, pengine kukuzidi. Ila Jumamosi moja alivaa vizuri akaenda Ipogolo, kwa mama anayeuza mboga, kupeleka sifa za binti yake Blessing. Mama yule, kwa mazoea uliyoyaacha, akamwambia mtoto aende jikoni.

"Mwache akae, dada," Esta akasema. "Habari ni zake."

Akamwambia Blessing mwenyewe, uso kwa uso, kwamba mgongo wake sasa unapendeza kuutazama, na kwamba akiendelea hivi atafika mbali. Mtoto aliinama akashindwa kujua mikono aiweke wapi. Jumatatu alicheza ovyo kabisa, kama ulivyokuwa ukitabiri. Esta akamwambia, "Tena," naye akarudia.

Unakumbukwa na mwanao Esta, mwanao Sosthenes na mkewe tuliobaki nyumbani, dada yako Faustina, shemeji yako Lusekelo na familia yote ya Uyole, Anania na kwaya yake, Mzee Himmat na Hansa, na watoto wote wa ukumbi wa Kihesa. Misa ya kukuombea itasomwa Jumapili hapo hapo parokiani, kisha tutakunywa chai nyumbani.

Babu na Bibi hawapo tena, Baba, hatuna sebule ya kwenda kukaa na suti. Kwa hiyo tunakuambia wewe mwenyewe, usoni: ulikuwa mwalimu mzuri sana. Hatutakusahau kamwe.