Ukuta wa Nyuma wa Boti Yako

Karakana ya Kreider,
Ziwa la Ozarks, Missouri,
2 Agosti

Mdogo wangu Odell,

Natumai barua hii itakukuta mzima huko kwenye mto Mississippi, na kwamba mpishi wa meli yenu hajawamaliza kwa maharagwe yake. Mimi mwili ni mzima. Mgongo unauma kama kawaida, joto ni kali, na Mama anakula vizuri na bado anamfokea muuguzi. Nakuandikia kwa sababu kwenye simu unanikatiza, na safari hii utanisikiliza hadi mwisho. Nina hasira na wewe na sitaificha.

Ule usukani wako wa haidroliki ulifika Jumanne: silinda mbili zinazong'aa, mipira yake ya kupitishia mafuta, na karatasi ya kuonyesha pa kutoboa. Maagizo ulimpa Virgil Ott wa kituo cha mafuta, badala ya kunipa mimi dada yako, kwamba niufunge kabla hujarudi ili wewe na Tamsin mkimbize boti kwenye mashindano ya mwisho wa mwezi. Virgil alinikuta nimeiinua boti naitazama, akauliza nangoja nini. "Dada Wanda, toboa matundu, kaza bolti, jaza mafuta, basi. Au nikuitie mwanamume?" Nilimwambia amwite yule mwanamume aliyemfungia pampu yake kinyumenyume. Akaondoka anacheka.

Unadhani mguu wa injini, ule unaoshuka majini na panga lake, unatikisika kwa sababu hauna kitu cha kuushika kwa nje. Nimekueleza mara ngapi? Silinda zinaushika mguu, na zenyewe zinashikwa na ukuta wa nyuma wa boti. Mbao za ukuta zikiwa zimeoza ndani, usukani utatulia mkononi mwako, nawe utaongeza mwendo hadi maili themanini kwa saa, hadi tisini, mpaka siku bolti zitakapong'oka na mguu ujigeukie wenyewe. Huo mtikisiko unaoulaani ndicho kitu pekee katika boti ile kinachokuambia ukweli.

Nilibandika karatasi, nikatoboa tundu la kwanza kwa keekee. Mbao nzima hutoa unga mkavu, mweupe. Huu ulitoka mweusi, umelowa, unanata, unanuka majani ya mwaka jana. Nikatoboa la pili, hivyo hivyo. Nikaizima keekee.

Sasa tuje kwa Tamsin. Mwezi wa Mei, yeye akiwa usukanini, boti ilipoyumba ghafla ikamrusha ubavuni akavunjika mtulinga, wewe ulifanya nini? Ulisimama gatini mbele ya watu wote ukamwambia ana mkono mzito kwenye mafuta, na kwamba marehemu mama yake angemwonea aibu. Ulimwambia hivyo binti yako wa miaka kumi na tisa, hata gari la wagonjwa halijafika. Wiki sita mkono umefungwa shingoni, na kila Jumamosi alikuja hapa kuniuliza, "Shangazi, nilikosea wapi? Nionyeshe." Nilikuwa namkaangia kambale na kumwambia yatapita.

Nimefika pale nilipokuwa napakwepa. Oktoba iliyopita uliniletea boti niikague kabla ya baridi. Niligonga ukuta wa nyuma kwa mpini wa nyundo, sauti ikarudi butu, kama ya boga bovu. Nilijua hapo hapo. Kuubadilisha ni kazi ya miezi, na wewe ulikuwa umenikera kwa maneno yako juu ya nyumba ya Mama, nikaona sikupi majira yangu ya baridi. Nikaandika kwenye fomu kwamba ukuta ni mzima, nikatia sahihi. Uliniamini. Mtoto alirushwa na ukuta nilioupitisha mimi, na ulipokuwa ukimtukana gatini nilikuwa nimesimama hatua tatu nyuma yako, kimya. Hasira niliyo nayo juu yako ni ya kweli, Odell, lakini juu yangu mwenyewe nina kubwa zaidi.

Jana nilimweleza Tamsin yote. Leo asubuhi nimeukata ukuta wote kwa msumeno, ubavu hadi ubavu, ili usije ukapata fundi mwingine wa kukufungia silinda juu ya uozo. Mwaka huu hushindani. Nitaujenga upya kwa mikono yangu, na silinda zitakaa kwenye kisanduku mpaka ukauke. Ukirudi, kabla hujaja kunifokea mimi, nenda kamwombe mtoto radhi. Mimi nipo, nitakungoja.

Mama anakusalimu, anasema uvae koti la kujiokolea hata ukiwa jikoni. Virgil naye anakusalimu. Barua zangu zote huwa nazifunga kwa salamu za Tamsin, kwa hiyo nilimwuliza ana neno gani la kukuambia. Hakunijibu. Tangu jana hata mimi haniongeleshi.

Ni mimi dada yako,
Wanda Kreider