Gunia la Mchanga Juu ya Kasigau

Jumatatu, 2 Agosti 1993
Nimeandika jina langu kwenye orodha ya wapanda mlima, kwa mkono wangu! Waridi, mtoto wa ndugu yangu, yule nesi, alitaka kuniandikia. Nikamwambia nipe kalamu, sikwenda gumbaru, shule ya watu wazima, miaka miwili kupunga hewa. MWIDANI. Chama chao cha kina mama wa Likoni kinapanda mlima Kasigau, huko Utaita, kuchangia wanawake wenye kansa ya ziwa. Wengi hufia ndani kwa kukosa nauli ya kwenda Nairobi kwenye mashine ya miale. Kila anayepanda hutafuta watu wa kumuahidi pesa. Akifika juu, wanatoa. Asipofika — hawatoi.
Mwanamume ni mimi peke yangu. Na nitafika wa kwanza!

Alhamisi, 5 Agosti
Mazoezi nafanyia kwenye mteremko wa feri. Mlima mwingine Likoni hatuna. Napanda, nashuka, gunia la mchanga begani, kilo ishirini. Mwangi, yule wa bara, karani wa ofisi ya kutoa mizigo bandarini Kipevu, ati mzee, kwetu mlima kama huo twachungia mbuzi, wewe utarudi kwa machela. Nikamwambia, bwana mdogo, nimebeba kahawa bandarini miaka thelathini na moja, sijasema "nitue" hata siku moja. Kuli hasemi neno hilo. Ukimwambia mwenzio akutue mzigo, umekwisha, watakuimba mpaka magharibi. Mwangi kacheka, lakini kaandika ahadi. Ofisi yao nzima!

Jumapili, 8 Agosti
Mwanamkasi, mke wangu, ana uvimbe kwenye ziwa. Tangu Ramadhani — kanificha! Leo nimeugusa kwa bahati mbaya. Mgumu kama kungumanga. Nikasema twende hospitali. Hataki. Ati havui nguo mbele ya daktari mwanamume. Ati utanywea wenyewe. Ati mimi nishughulike na mlima wangu.
Nikamuuliza, nikifika juu na gunia langu begani, utakwenda?
Akacheka. "Ukifika na hilo gunia, Baba Rama, wallahi nakwenda kwa miguu yangu."
Anajua sifiki. Ndiyo maana kaapa.

Jumamosi, 21 Agosti
Nimefika! Nimefika! Nimefika!
Naandika Rukanga, chini ya mlima. Tulianza alfajiri, watu kumi na wawili. Kiongozi mama wa Kitaita, Mama Mghoi, mtu mzima, miguu mitupu. Mwanzo niliwaacha wote, naimba nyimbo za bandarini. Kisha mlima ukasimama wima kama ukuta. Mizizi. Mawe ya utelezi. Ukungu. Gunia likalowa likawa zito. Goti la kushoto likagoma. Waridi akaninong'oneza, ami, tua, mamkubwa Mwanamkasi hatajua. Nikamwambia nyamaza. Hatua kumi. Hatua tano. Nikaona nikianguka hapa sifiki mimi, halifiki gunia, na Mwanamkasi haendi.
Nikasema. Nitue.
Mama Mghoi hakucheka. Akalitua, akalifunga kamba, kamba akaitia kwenye paji la uso, akapanda nalo kama amebeba mtoto. Kwao, anasema, mzigo hupokezanwa, ndipo ufike.
Saa tano unusu niko juu kabisa! Mwangi alisema nitaona mpaka bahari. Sikuona hata pua yangu, ukungu mtupu. Lakini nimepiga ukelele — Likoniii! Kina mama wakapiga vigelegele. Mmoja wao, mwaka jana alikatwa ziwa, akaniinua mkono kama bondia.
Gunia limefika. Mimi nimefika. Hatukufika pamoja. Nitamwambia nini?

Jumapili, 22 Agosti
Likoni. Mteremko wa feri nimeupanda kama sultani. Mwangi alikuwa pale juu, akanipa mkono, ati mzee nimekukubali, kesho tunatoa. Nikamwambia na saluti je? Akapiga!
Nyumbani Mwanamkasi aliuliza moja tu. Gunia lilikuwa begani? Waridi akafungua mdomo kunitetea. Nikamkata kauli. Nikasema lilifika, si begani kwangu. Nilisema nitue.
"Wewe?"
Mimi.
"Ukamwambia nani?"
Mwanamke.
Nikangoja anicheke. Miaka arubaini na miwili ananivizia nishindwe! Akakaa kitako. Akaikunja kanga yake pale mapajani, akaikunjua, akaikunja tena. Kisha akamwambia Waridi, "Kesho njoo mapema. Na unitafutie daktari mwanamke."

Jumatatu, 23 Agosti
Hospitali. Niko kwenye benchi. Daktari mwanamke kapatikana.
Tuliposhuka feri, katikati ya mteremko wa ng'ambo, Mwanamkasi alisimama. Nikadhani anarudi. Akanipa mkoba wake. "Nitue huu." Mwepesi, ndani leso na kitambulisho tu! Nikaupokea. Akapanda.
Sasa kaitwa. Kaingia kwa miguu yake! Nami nimepakata mkoba wa kike, mwanamume mzima niliyepanda Kasigau. Wanaume wananitazama. Na watazame. Siutui.
Muda umepita. Adhuhuri imeadhiniwa. Mlango umefunguka kidogo. Waridi katoa kichwa, ananiita mimi, ati ami, ingia na wewe, mamkubwa anasema hawezi kusikia maneno haya ya daktari peke yake. Naingia.