Karatasi za Wakonyo

Ihururu, Nyeri
14 Juni 2025

Mpendwa mwanangu Ken,

Niwie radhi kwa kimya cha miezi minne. Sikuwa mgonjwa. Nilikuwa na hasira, na mwenye hasira hapaswi kushika kalamu.

Natumaini u mzima huko Uholanzi. Sisi tu wazima. Mama yako mkubwa Njoki anasumbuliwa na goti, lakini bado anachuma majani chai mwenyewe.

Unakumbuka Desemba ulipokuja nyumbani ukapiga picha kurasa zangu mia nne na kumi na mbili: maneno ya akina mama waliofungiwa katika vijiji vya Hali ya Hatari enzi za mkoloni, niliyoyaandika kwa mkono kwa miaka ishirini. Ukaziingiza, kwenye kompyuta yangu, katika programu ya kutunza marejeleo ambayo wewe na wenzako mnaitengeneza. Kando ya kila jina pakatokea alama ya kibanio cha karatasi, ishara kwamba picha zake zimeambatishwa. "Baba mkubwa, kila kitu kiko ndani," ukasema. "Hizi karatasi zinafuga panya tu." Nikakuamini. Nikampa karatasi zote Bhupendra, mwenye duka la vifaa vya ujenzi mjini, afungie misumari.

Februari mhariri wa kitabu changu aliomba kuona ushuhuda wa Wakonyo, mmoja wa akina mama hao, ambaye tulimzika Januari. Nikabofya kibanio. Faili haipatikani. Nikabofya cha pili, cha kumi, cha mia. Mburu, fundi wa kompyuta, akanieleza kwamba programu ilishika anwani tu ya mahali picha zilipokuwa. Picha zenyewe zilibaki kwenye flashi yako. Nilipokupigia simu, ulikuwa umekwisha kuifuta. "Pole, baba mkubwa. Hiyo shida tunaijua, hata wateja hulalamika."

Mliijua. Neno hilo limeniuma kuliko hasara yenyewe.

Wiki hiyohiyo jirani yetu Wamae alinunua misumari, akaja mbio na karatasi iliyokunjamana. "Mwalimu, si huu ni mwandiko wako? Ati huyu mama alijifungua ndani ya handaki!" Ulikuwa ukurasa wa kwanza wa Wakonyo. Nikaenda kwa Bhupendra. "Karatasi yako nguvu sana, Mwalimu, misumari haitoboi," akanisifu. "Lakini imeisha." Zilibaki kumi na moja. Za Wakonyo hazikuwamo.

Waambie wenzako hivi. Faili ikiambatishwa, programu na iinakili papo hapo. Ikishindwa, isionyeshe kibanio. Ikiwa faili imo katika kifaa cha mgeni, iseme hivyo kabla mgeni hajafunga sanduku lake. Karani asiyetofautisha barua na bahasha, hapa kwetu tungemwachisha kazi.

Sasa mhariri ananitaka nichague: niiondoe sura ya Wakonyo, au nitie sahihi kwamba niliyasikia maneno yake kwa masikio yangu, nikiwa na ukurasa mmoja tu wa kuonyesha. Watoto wake wananiuliza kila Jumapili kanisani kitabu kitatoka lini. Nami nimefundisha miaka thelathini na sita kwamba asiye na ushahidi anyamaze.

Njoki anakusalimu, na Wamae pia. Nisalimie dada yako Shiku akikupigia simu. Mungu akulinde ugenini na akupe moyo wa uangalifu.

Sijaamua. Nikiisha kuamua nitakuandikia, kwa mkono, na nakala nitabaki nayo.

Wako akupendaye hata sasa,
Baba yako mkubwa,
Mwai